Usinunue Marejeleo Saiba: Jinsi ya Kutafuta Tafiti za Kitaaluma Mwenyewe

Mwezi uliopita mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja nyumbani baada ya sala ya alasiri akiwa na bahasha ya kaki mkononi na uso wa mtu aliyelia njiani. Yuko mwaka wa nne chuo kikuu. Ndani ya bahasha mlikuwa na mradi wake wa utafiti, umerudishwa na msimamizi.

Mada yake ni nzuri. Anachunguza jinsi wakazi wa vijiji vya karibu na ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, wanavyoitegemea mikoko: kuni, boriti za nyumba, samaki na kaa. Alikwenda huko mwenyewe, akakaa na kina mama na wavuvi, akaandika majibu yao kwa mkono. Kazi ya nyanjani haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kurasa za mwisho, kwenye orodha ya marejeleo. Kati ya marejeleo 27, msimamizi alikuwa ameyazungushia 9 wino mwekundu, na kando ameandika: "Nimeyatafuta. Hayapo. Nieleze uliyatoa wapi."

Nami nikamuuliza swali lilo hilo. "Mwanangu, uliyatoa wapi?"

Akainamisha kichwa. "Nilinunua, mjomba."

Alikuwa amemlipa shilingi 2,500 kijana wa saiba anayewachapia wanafunzi kazi zao. Kwa pesa hizo aliandikiwa sura ya pili, ile ya mapitio ya maandishi ya watangulizi, pamoja na orodha ya marejeleo. Kazi ilikuwa tayari jioni ile ile. Sasa alikuwa amepewa wiki mbili kurekebisha, la sivyo suala lake lingepelekwa kwenye kamati ya nidhamu, na kuhitimu mwaka huu kungekuwa ndoto. Dada yangu anauza mahamri na mbaazi alfajiri kumlipia karo. Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili si la msichana mmoja na msimamizi wake.

Ninaandika haya kwa sababu tangu siku ile nimeuliza huku na huku, na nimegundua kwamba wapo wanafunzi wengi wa Pwani walio katika hali kama yake. Si wavivu. Hakuna aliyewahi kukaa nao akawaonyesha jinsi ya kutafuta. Na jambo lenyewe halihitaji pesa, linahitaji simu au laptopu, bando kidogo na subira. Haya ndiyo niliyomwonyesha mpwa wangu katika wiki zile mbili.

Yale tisa yalitoka wapi?

Kijana wa saiba hakuyabuni yeye. Alimwomba mtambo wa akili mnemba amwandikie, naye akanakili. Ni vyema tuelewe mitambo hii inavyofanya kazi. Inatunga maneno kwa kukadiria neno gani linafaa kufuata jingine, kulingana na maandishi mengi mno iliyolishwa. Ukiiomba marejeleo, inaweza kukupa kitu chenye sura ya rejeo: jina la mwandishi, mwaka, anwani ya makala, jina la jarida, hata nambari za kurasa. Sura inaweza kuwa kamili na makala yenyewe isiwepo duniani.

Tulichukua rejeo moja kati ya yale tisa tukalifuatilia. Mwandishi yupo. Jarida lipo. Tukafungua toleo lililotajwa, tukaenda kwenye kurasa zilizotajwa, tukakuta makala ya watu wengine kabisa kuhusu jambo jingine kabisa. Ndiyo sababu uongo wa aina hii hudanganya: vipande vyake vingi ni vya kweli.

Wala hawanaswi wanafunzi peke yao. Mwaka 2023, jijini New York, mawakili wawili na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi ambazo hazikuwahi kuamuliwa popote. Zilikuwa zimetungwa na ChatGPT. Ikiwa wakili mzoefu alinaswa, mwanafunzi wa mwaka wa nne atanusurika vipi bila kujua namna ya kuhakiki?

Kwa hiyo nilimpa mpwa wangu kanuni moja, akaiandika juu ya daftari: rejeo ambalo hujalifungua ukalisoma si rejeo. Liwe limetoka kwa mtambo, kwa rafiki, kwa saiba au kwa profesa, lifungue kwanza.

Dalali asiye na nyumba

Chombo tulichoanza nacho ni Google Scholar, kinachopatikana kwa anwani scholar.google.com. Kilianzishwa Novemba 2004, na ni cha bure. Tofauti yake na Google ya kawaida ni kwamba chenyewe kinatafuta katika maandishi ya kitaaluma tu: makala za majarida, tasnifu, vitabu, karatasi za makongamano na ripoti za taasisi za utafiti.

Namwelezea mtu Google Scholar kwa mfano wa dalali. Dalali wa nyumba anajua nyumba ziko wapi, anakupeleka mpaka mlangoni, lakini nyumba si zake. Nyingine utakuta mlango wazi, nyingine zina kufuli na mwenyewe anataka kodi. Na dalali hakuhakikishii kwamba paa halivuji. Google Scholar nayo haihifadhi makala, inakuonyesha tu zilipo. Wala haichuji mbovu kutoka kwa nzuri. Kuiona makala humo si cheti cha ubora wake. Hilo ni juu yako.

Anza na vipande vya swali

Kosa la kwanza la mpwa wangu lilikuwa kuandika mada yake nzima kwenye kisanduku, kama mtu anayemuuliza jirani. Yakaja majibu maelfu, mengi kuhusu nchi nyingine. Nikamwambia alivunje swali vipande vitatu: mahali, kitu, na jambo.

Mahali ni ghuba ya Gazi. Watafiti huiandika "Gazi Bay", kwa hiyo tuliyaweka maneno hayo mawili ndani ya alama za mtajo ili yatafutwe yakiwa pamoja. Kitu ni mikoko, na kwa kuwa tafiti nyingi za pwani yetu zimeandikwa kwa Kiingereza, tukaandika mangrove. Jambo ni matumizi ya watu, na hapo tukajaribu maneno tofauti moja moja: firewood kwa kuni, poles kwa boriti, livelihood kwa riziki. Kila neno lilileta makala ambazo lile jingine halikuzileta.

Ukitaka maneno mawili yatafutwe kwa pamoja, moja au jingine, weka kati yao neno OR kwa herufi kubwa. Ukitaka kuondoa jambo linalokuchafulia majibu, weka alama ya kutoa mbele ya neno hilo bila kuacha nafasi. Ukijua mtafiti mmoja aliyebobea katika mada yako, andika author: kisha jina lake la ukoo. Kwa mikoko ya Kenya, kwa mfano, huwezi kulikwepa jina la James Kairo, mwanasayansi wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, yenye makao makuu Mombasa. Tuliandika author:Kairo pamoja na mangrove, tukapata mlolongo wa kazi za miaka mingi.

Halafu kuna majina ya kitaalamu. Mvuvi wa Gazi hasemi "mikoko" tu. Anatenganisha mkoko na mchu, mkandaa na mlilana. Wanasayansi nao wanatenganisha: mkoko ni Rhizophora mucronata, mchu ni Avicennia marina, mkandaa ni Ceriops tagal, mlilana ni Sonneratia alba. Ukitafuta kwa majina haya utapata kazi zilizochunguza mti mmoja kwa undani. Mpwa wangu alifurahi kuona kwamba majina aliyopewa na wazee kijijini yana wenzake katika vitabu. Katika mradi wake sasa ameyaweka yote mawili.

Wanaofanya historia na utamaduni wa Pwani wana kazi ya ziada, kwa sababu majina yetu yameandikwa kwa namna nyingi. Jina Mijikenda lilienea miaka ya 1940. Kabla ya hapo wageni waliandika "Nyika" au "Wanika", jina ambalo wenyewe hawalipendi. Krapf, mmishonari aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliwaita hivyo. Kwa hiyo mwanafunzi anayechunguza misitu ya kaya, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, akiandika "Mijikenda" peke yake atazikosa kazi za kale. Ajaribu pia majina yale ya zamani, hata kama hatayatumia katika maandishi yake. Vivyo hivyo Giriama na Giryama, Siyu na Siu, Bajuni na Bajun. Jaribu kila tahajia unayoifikiria.

Ukurasa wa majibu una mengi kuliko orodha

Wengi husoma anwani tatu za juu na kuondoka. Chini ya kila jibu kuna mstari mdogo wa viungo, na humo ndimo mlimo na faida.

Kiungo cha kwanza cha kukijua ni "Cited by", chenye nambari. Kinakuonyesha kazi za baadaye zilizoirejelea makala hiyo. Tulipata makala ya mwaka 2000 katika jarida la Economic Botany, ya Dahdouh-Guebas na wenzake, kuhusu matumizi ya mbao za mikoko Mida Creek, kule Kilifi. Ilikaribia sana mada yetu, lakini ni ya zamani. Badala ya kuiacha, tulibonyeza "Cited by", tukaona ni nani walioijadili baada ya hapo. Juu ya orodha hiyo kuna kisanduku cha kuweka tiki ili utafute ndani ya kazi hizo pekee. Tukaandika "Gazi Bay" humo. Kwa hatua mbili tulikuwa tumetoka Kilifi mwaka 2000 hadi Kwale ya juzi.

Na usisahau njia ya kurudi nyuma: orodha ya marejeleo iliyo mwisho wa makala yenyewe. Makala moja nzuri inakupeleka mbele na nyuma. Mtafiti mwenye uzoefu hupata kazi nyingi kwa njia hii kuliko kwa kisanduku cha kutafutia.

Pili, tazama miaka. Google Scholar huelekea kuweka juu kazi zilizorejelewa sana, na kazi hizo mara nyingi ni za zamani, maana zimekuwa na muda wa kurejelewa. Ukitumia tarakilishi, upande wa kushoto unaweza kuchagua kuanzia mwaka unaotaka. Kwa mada ya Gazi hili lina uzito, kwa sababu mwaka 2013 ndipo mradi wa Mikoko Pamoja ulipoanza pale, ambapo jamii za Gazi na Makongeni huhifadhi mikoko na kuuza hewa ya kaboni. Maelezo ya riziki ya watu kabla ya mwaka huo si lazima yawe sawa na ya baada yake. Msimamizi angekuwa na haki ya kuuliza.

Tatu, jihadhari na majibu yaliyotanguliwa na neno CITATION ndani ya mabano ya mraba. Maana yake ni kwamba Google imeiona kazi hiyo ikitajwa mahali fulani, lakini haikuipata yenyewe. Mara nyingi ni kitabu cha kweli ambacho hakijawekwa mtandaoni. Lakini inaweza pia kuwa rejeo la uongo ambalo mtu alilinakili bila kulifungua, na wengine wakamfuata. Uongo ukirejelewa mara tatu huanza kuonekana kama kweli.

Ukikuta kufuli mlangoni

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa. Umepata makala unayoihitaji hasa, unabonyeza, mchapishaji anakuambia ulipe dola 30 au 40. Hizo ni karibu shilingi 4,000 au 5,000 kwa makala moja, ambayo huenda ukasoma ukurasa mmoja tu. Usilipe. Kabla ya kukata tamaa, pita njia hizi kwa mpangilio.

Kwanza, tazama upande wa kulia wa jibu. Ukiona kiungo cha PDF, mlango uko wazi. Usipokiona, bonyeza "All versions" chini ya jibu. Makala moja huweza kuwa na nakala kadhaa, na mojawapo huenda iko kwenye hifadhi ya chuo cha mwandishi, bure na kwa idhini.

Pili, tumia maktaba ya chuo chako. Hili ndilo lililonishangaza zaidi: mpwa wangu hakujua kwamba karo anayolipiwa inagharamia pia majarida ya mtandaoni. Vyuo vikuu vingi nchini hujisajili kwa majarida hayo kupitia muungano wa maktaba za Kenya uitwao KLISC, uliodumu tangu mwaka 2003. Pia kuna mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo ruhusa ya kusoma bure au kwa ada ndogo. Mlango wa kuingilia uko maktabani. Nenda kwa mkutubi, muulize mambo mawili: chuo kina majarida gani, na nitaingiaje nikiwa nyumbani? Mkutubi amesomea kazi hiyo, na wengi wao hukaa siku nzima wakisubiri mtu aulize kitu kingine zaidi ya mahali pa kuchajia simu.

Tatu, nenda kwenye hazina za bure. AJOL, yaani African Journals Online, ilianzishwa mwaka 1998 kukusanya majarida yanayochapishwa Afrika, na mengi humo husomwa bila malipo. Humo utakuta jarida la sayansi ya bahari la Magharibi mwa Bahari ya Hindi, linalotolewa na WIOMSA yenye makao Zanzibar. Kwa mada ya bahari, mwanafunzi wa Pwani asiyelijua jarida hilo ni kama mvuvi asiyeijua bamvua. Wanaosoma Kiswahili wana Swahili Forum, inayotolewa na Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, bure kabisa. DOAJ ni orodha ya majarida ya wazi ya dunia nzima. JSTOR, yenye majarida mengi ya historia na fasihi, inamruhusu mtu yeyote kufungua akaunti ya bure na kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa siku 30. Wa afya wana PubMed. Na ukitumia laptopu, kuna programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari iitwayo Unpaywall: ukifika kwenye makala yenye kufuli, inakuonyesha kama kuna nakala halali ya bure mahali pengine.

Nne, mwandikie mwandishi. Baruapepe yake mara nyingi imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala, mahali palipo wazi hata kwa asiyelipa. Jitambulishe kwa adabu, taja makala, sema unaitakia nini. Watafiti hawalipwi na majarida kwa kila anayenunua makala yao, na wengi hufurahi kusomwa. Mpwa wangu aliandika barua mbili. Mmoja hakujibu. Wa pili alijibu siku ya tatu, akatuma makala aliyoombwa na nyingine ambayo hakuombwa.

Kuhakiki: makala ipo, lakini je, inafaa?

Kuhakiki kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kujua kama kitu kipo. Nakili anwani yote ya makala, iweke ndani ya alama za mtajo, itafute. Kama ina nambari ya DOI, ambayo ni kama nambari ya kitambulisho cha makala na huanza na 10, iandike mbele ya anwani doi.org uone inakupeleka wapi. Kisha nenda kwenye tovuti ya jarida, fungua toleo lililotajwa, uhakikishe makala imo. Kwa rejeo moja kazi hii haizidi dakika tano. Yale 27 ya mpwa wangu yalituchukua jioni mbili.

Hatua ya pili ni kujua kama kitu kinaaminika. Jarida la kweli huwapa wataalamu wengine makala waikague kabla ya kuichapisha, na kazi hiyo huchukua wiki au miezi. Yapo majarida ya kitapeli yanayoahidi kuchapisha kwa siku tatu, mradi ulipe. Yana majina makubwa yenye maneno kama "International" na "Global", lakini ukichunguza wahariri hawajulikani, na jarida moja linachapisha udaktari, uhasibu na ufugaji wa kuku kwa pamoja. Kulipisha mwandishi peke yake si dalili ya utapeli, maana hata majarida mazuri ya wazi hutoza. Dalili ni haraka isiyo na ukaguzi. Makala za majarida hayo zimo ndani ya Google Scholar pamoja na nzuri, kwa hiyo dalali hatakusaidia hapa.

Ukishaikubali makala, isome. Ikisiri peke yake haitoshi. Tazama walihoji watu wangapi, wapi, mwaka gani. Mpwa wangu alikuwa ameandika, kwa kumwamini kijana wa saiba, kwamba "tafiti zinaonyesha" jambo fulani kuhusu Gazi. Tulipoifungua makala iliyorejelewa, moja kati ya zile za kweli, ilikuwa inazungumzia nchi nyingine kabisa. Rejeo lilikuwepo, lakini ushahidi haukuwepo.

La mwisho katika hili: weka kumbukumbu papo hapo. Kila unachosoma, andika mwandishi, mwaka, anwani, jarida, ukurasa, na sentensi mbili za ulichopata, kwa maneno yako. Daftari linatosha. Anayetaka programu, Zotero ni ya bure na itakupangia marejeleo yenyewe. Google Scholar nayo ina kitufe cha "Cite" kinachokupa rejeo limeshapangwa kwa mtindo wa APA au MLA, lakini lilinganishe na makala yenyewe kabla ya kulinakili, kwa sababu hukosea majina na miaka.

Kwa nini hili lituhusu sisi sote

Msomaji asiye mwanafunzi atauliza: mimi yananihusu nini? Nitamjibu kwa jambo ambalo wengi wetu tumeliona. Kunaitishwa baraza kuhusu mradi mpya ufukweni. Wataalamu wa mradi wanakuja na ripoti nene. Wazee wanasimama, wanaeleza jinsi samaki wanavyozaliana kwenye mikoko na jinsi maji yanavyopita. Wanasikilizwa kwa heshima, kisha ripoti inabaki ilivyo, kwa sababu upande mmoja una karatasi na upande mwingine una maneno tu.

Lakini karatasi zipo. Mikoko ya Gazi imechunguzwa kwa miongo kadhaa, na humo mmeandikwa mengi ambayo wazee wale wanayasema kila siku. Watu wetu ndio waliohojiwa, miti yetu ndiyo iliyopimwa. Katiba ya mwaka 2010 inatupa haki ya kushirikishwa. Kijana mmoja kijijini anayejua kutafuta, kufungua na kuhakiki anaweza kusimama kando ya mzee wake na kusema: anayosema babu yameandikwa hapa, ukurasa huu. Kijana huyo hatapatikana ikiwa tunawafunza watoto wetu kwamba marejeleo ni kitu cha kununua jioni moja kwa shilingi 2,500.

Wala simlaumu kijana wa saiba peke yake. Anauza kwa sababu kuna wanunuzi, na wanunuzi wapo kwa sababu hawakufunzwa. Vyuo vingeweza kulipunguza tatizo hili kwa kumpeleka kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza maktabani kwa siku moja, akae mbele ya tarakilishi, atafute jambo la kijijini kwao mpaka alipate. Walimu wa sekondari wenye intaneti nao wasisubiri chuo.

Mpwa wangu aliyafuta yale tisa. Badala yake alipata sita ya kweli, akayasoma yote. Madai mawili katika sura ya pili ilibidi ayaondoe kabisa, kwa sababu tulitafuta kwa kila jina na kila tahajia tusipate mtu aliyewahi kuyathibitisha. Sura ikawa fupi kuliko ilivyokuwa. Alikwenda kwa msimamizi wake, akamwambia ukweli wote, pamoja na habari ya saiba. Msimamizi alimkemea, akampa onyo la maandishi, kisha akachukua orodha mpya akaanza kufungua rejeo moja baada ya jingine mbele yake.

Yote yalifunguka. Mwezi ujao anautetea mradi wake. Na wenzake watatu wameshaniuliza ni Jumamosi ipi waje na laptopu zao.